Madam C.J. Walker: Dobi aliyetajirika kwa kutunza nywele

KABLA ya kujulikana kama Madam C.J. Walker, alikuwa Sarah Breedlove, binti wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Alizaliwa Desemba 23, 1867 huko Delta, Louisiana, nchini Marekani, karibu na mto Mississippi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa ndugu zake kuzaliwa akiwa huru.

Alipotimu miaka saba tayari alikuwa yatima. Aliolewa akiwa na miaka 14, akajaliwa binti, Lelia, mnamo 1885, na miaka miwili baadaye akafiwa na mumewe. Mjane huyo kijana alihamia St. Louis, walikokuwa kaka zake vinyozi, akawa dobi kwa ujira wa dola moja na nusu hivi kwa siku.

Kazi hiyo ilimweka siku kutwa mbele ya maji ya moto na mvuke. Nywele zenye msokoto hunywa unyevu wa hewa, zikafura, zikajikunja na kututumka. Aidha, wanawake wengi wa tabaka lake hawakuwa na maji ya bomba nyumbani, hivyo waliosha nywele kwa nadra. Mba na maradhi ya ngozi ya kichwa yaliwaandama, na Sarah mwenyewe akaanza kunyonyoka nywele.

Kwa muda aliuza bidhaa za Annie Turnbo Malone, mwanamke Mweusi aliyemtangulia katika biashara hiyo. Mnamo 1905 alihamia Denver. Mwaka uliofuata aliolewa na Charles Joseph Walker, na ni kwa jina la mume huyo alipouza mafuta yake mwenyewe.

Utaratibu aliofundisha ulikuwa bayana: kuosha nywele mara kwa mara, kupaka ngozi ya kichwa mafuta mazito yenye salfa, kupiga brashi, kisha kupitisha chanuo la chuma lililopashwa moto. Kinyume na inavyodaiwa, si yeye aliyelibuni chanuo hilo.

Wala joto halinyooshi nywele daima. Vifungo vinavyoshikilia msokoto hulegea kwa moto, lakini unyevu ukiingia hujifunga upya. Mafuta husaidia kwa kuufunika unywele na kuchelewesha unyevu kupenya. Kwa hivyo, aliyeishi penye joto na mvua alihitaji matunzo ya mara kwa mara, si muujiza wa siku moja. Hapo ndipo biashara ya Walker ilipopata mizizi.

Walikuwepo waliomshutumu kwamba anawafundisha Weusi kuwaiga wazungu. Yeye alishikilia kuwa azma yake ilikuwa afya ya nywele.

Mnamo 1910 alihamishia makao yake Indianapolis, akajenga kiwanda. Miaka miwili baadaye, katika mkutano wa wafanyabiashara Weusi mjini Chicago, Booker T. Washington hakumpa nafasi ya kuzungumza. Alisimama na kusema bila kualikwa. Mwaka uliofuata akaalikwa rasmi. Mwaka huo huo wa 1913 alizuru Jamaica, Cuba, Haiti, Costa Rica na Panama, nchi za joto na unyevu mwingi, kutafuta soko na mawakala.

Mawakala hao, wengi wao wanawake, walifikia maelfu. Mnamo 1917 aliwaandalia kongamano Philadelphia, na mwaka huo huo akawa miongoni mwa waliokwenda Ikulu ya Marekani kudai hatua dhidi ya mauaji ya Weusi mikononi mwa makundi ya watu. Rais Woodrow Wilson hakuwapokea. Baadaye aliahidi dola 5,000 kwa chama cha NAACP kuendeleza vita hivyo.

Alifariki Mei 25, 1919, akiwa na umri wa miaka 51. Wengi humkumbuka kwa utajiri wake. Lakini kwa wanawake walioacha ndoo za kufulia na kushika mkoba wa mauzo, urithi wake mkubwa ulikuwa kazi yenye heshima.