Mwalimu wa fidla wa watoto waliotupwa

Hapa Landless, mtaa wa Thika ambao jina lake lina maana ya watu wasio na ardhi, mzazi akimwona mwanawe ameshika ala ya muziki humwuliza kwanza kama amemaliza hesabu. Simlaumu, maana karo ni ghali na kazi ni adimu. Hata hivyo, naomba leo nimsimulie maisha ya Antonio Vivaldi, padri wa Kiitaliano aliyefariki mwaka wa 1741, kwani ndani yake mna funzo linalotuhusu sote.

Vivaldi alizaliwa Venice tarehe 4 Machi 1678. Baba yake alikuwa kinyozi aliyeacha wembe akashika fidla, hata akaajiriwa kuipiga katika kanisa la Mtakatifu Marko. Mwana alirithi ufundi huo. Alipata upadri mnamo Machi 1703, lakini kifua kilikuwa kikimbana tangu utotoni, na haukupita muda mrefu akaacha kusoma misa. Kwa rangi ya nywele zake, watu walimwita Padri Mwekundu.

Mwaka huo huo aliajiriwa kufundisha fidla katika Pietà, makao yaliyoanzishwa mwaka wa 1346 kuwalea watoto waliotupwa. Ukutani palikuwa na kidirisha. Mama aliyelemewa na umaskini au aibu alimlaza mtoto humo, akaenda zake. Wavulana walipokua walifunzwa kazi za mikono wakaondoka. Wasichana walibaki, na wenye kipaji miongoni mwao wakafunzwa muziki. Mshahara wa Vivaldi ulikuwa dukati 60 kwa mwaka, ukapandishwa hadi 100 mwaka wa 1704.

Linalonivutia zaidi ni mpango wenyewe wa mafunzo. Mwalimu kutoka nje aliwanoa wasichana waliokwisha kukomaa, nao wakawafundisha wadogo zao. Kwa hiyo elimu haikutoka mlangoni pamoja na mwalimu. Kwa vile hawakuwa na jina la ukoo, wengi waliitwa kwa ala zao. Anna Maria wa Fidla, aliyelelewa humo tangu uchanga, alifunzwa na Vivaldi, akatungiwa naye muziki mwingi, na hatimaye akawa mwalimu mwenyewe. Wageni wa heshima walitoka pembe zote za Ulaya kuwasikiliza wasichana hao, waliopiga wakiwa wamesitiriwa nyuma ya vyuma. Siyo kwamba yote yalikuwa mema: msichana aliyeolewa alipaswa kuahidi kwamba hatapiga tena hadharani.

Wakuu wa makao hayo walikuwa wakipiga kura kila mwaka kuamua kama mwalimu abaki. Mwaka wa 1709 kura saba zilimkataa Vivaldi, sita zikamtaka, akapoteza kazi. Mwaka wa 1711 wakamrudisha bila hata mmoja kupinga. Naam, walikuwa wamekwisha kuonja hasara.

Aliondoka na kurejea mara kadhaa. Aliacha tungo zaidi ya 200 za fidla na okestra, zikiwamo zile za Misimu Minne zilizochapishwa Amsterdam mwaka wa 1725. Bach wa Ujerumani alizichukua baadhi ya kazi zake na kuziandika upya kwa ajili ya kinanda. Hata hivyo, Vivaldi alifia Vienna akiwa fukara, akasahaulika karibu karne mbili, hadi rundo kubwa la miswada yake lilipogunduliwa mwaka wa 1926.

Kwetu, mbegu ya namna hiyo haikukosa udongo. Tangu mwaka wa 2008 watoto wa Korogocho, Nairobi, wamekuwa wakifunzwa fidla na ala nyingine katika mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, na baadhi ya waliohitimu wamerudi kuwafundisha wadogo wao.

Kwa maoni yangu, kamati za shule zinapoketi kugawa fedha, na mkono ukaelekea kulifuta somo la muziki, wajumbe wakumbuke ile kura moja ya Venice. Mtoto asiyerithi shamba wala ng'ombe anahitaji kurithi ujuzi. Ujuzi huo haugawanywi vipande kama ploti, na anayemgawia mwenzake habaki na pungufu. Mwalimu wa muziki aajiriwe, na ala zinunuliwe, hata kama ni chache.