ADOLF BECK: MZEE ALIYEFUNGWA KWA SURA YA MTU MWINGINE

Wadau, leo tumtazame jamaa anayeitwa Adolf Beck. Hakuwa rais wala jenerali, lakini kesi yake ilichangia sana Uingereza kuanzisha mahakama ya rufaa ya jinai. Kosa lake? Watu waliapa mahakamani kwamba sura yake wanaijua.

Beck alizaliwa Norway mwaka 1841. Alisomea kemia, akaingia kazi za baharini, na mwaka 1865 akafika Uingereza. Mwaka 1868 akaenda Amerika Kusini kutafuta maisha. Huko aliimba, akawa wakala wa meli, akanunua na kuuza nyumba. Mwaka 1885 alirudi London na pesa zake, akaziweka kwenye mgodi wa shaba kwao Norway. Mgodi ukammaliza, akabaki na madeni.

Sasa sikia balaa. Tarehe 16 Desemba 1895, pale Victoria Street, mwanamke mmoja alimsimamisha akidai ndiye tapeli aliyemwibia saa na pete. Beck mwenyewe akakimbilia kwa polisi kulalamika kwamba anasumbuliwa. Aliyekamatwa akawa yeye!

Kumbe mjini kulikuwa na tapeli anayejifanya bwana mkubwa, anawaahidi wanawake maisha mazuri, kisha anaondoka na vito vyao. Polisi waliwaita wengine waliolizwa waje kwenye gwaride la utambulisho. Kwenye mstari Beck peke yake ndiye alikuwa na mvi na masharubu. Unategemea nini hapo? Mmoja baada ya mwingine wakamnyooshea kidole. Akaja na polisi mstaafu aliyemkamata tapeli wa staili hiyo hiyo mwaka 1877, aitwaye John Smith. Baada ya miaka 18 aliapa kwamba Beck ndiye Smith. Mwaka 1877 Beck alikuwa Peru! Mahakama haikutaka kuingia huko, na mwaka 1896 akala miaka 7.

Gerezani alipewa namba ya zamani ya Smith. Mwaka 1898 wakubwa wakagundua kwenye mafaili kwamba Smith alikuwa ametahiriwa, Beck hajatahiriwa. Yaani ushahidi upo mwilini kabisa. Wakambadilishia namba tu, kifungo kikaendelea hadi mwaka 1901.

Mwaka 1904 akakamatwa tena, wanawake wengine wakamtambua, akatiwa hatiani. Bahati yake jaji aliingiwa na wasiwasi, akaahirisha kutoa adhabu. Beck akiwa bado ndani, mwezi wa Julai mwanamume mwingine alinaswa akiweka rehani pete za wanawake. Huyo ndiye Smith mwenyewe, jina lake halisi Wilhelm Meyer. Beck akapewa msamaha na fidia ya pauni 5,000. Mahakama ya rufaa ya jinai ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1907. Mzee mwenyewe alikufa mwaka 1909, maisha yakiwa yameshaharibika.

Je, wale kina mama walikuwa waongo? Hapana, na hapo ndipo pa kutisha. Sura ya mtu tuliyezoeana naye tunaitambua hata kwenye picha mbovu, lakini sura ya mgeni uliyemwona mara moja ni kazi nyingine kabisa. Na watu hatulingani. Wapo wanaoshindwa kutambua hata ndugu zao mpaka wasikie sauti. Wapo pia, kama utafiti wa mwaka 2009 ulivyoonyesha, wanaokumbuka sura ya mtu waliyepishana naye miaka iliyopita. Wengi wetu tuko katikati. Utafiti wa mapacha wa mwaka 2010 ulionyesha kipaji hiki kwa sehemu kubwa ni cha kurithi.

Msidhani kazi inafundisha. Mwaka 2014 maofisa wa pasipoti Australia walipimwa. Mtu akiwa na picha ya mtu mwingine, walimpitisha karibu mara 14 katika kila 100, na miaka mingi kazini haikusaidia. Kilicholeta tofauti ni nani anatazama.

Hapa kwetu Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwenye kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ilieleza kwamba ushahidi wa kutambua kwa macho ni dhaifu, usitegemewe mpaka uwezekano wa makosa uondolewe wote. Majaji wanaangalia mwanga, umbali na muda. Safi sana. Lakini macho ya shahidi mwenyewe nani anayapima? Daktari hupima kama unaona mbali. Uwezo wa kushika sura hakuna anayeuuliza, na shahidi anaweza kuapa kwa moyo mweupe huku anampeleka asiyehusika jela.

Na mtaani je? Mtu akipiga kelele kwamba mwizi ndiye yule, hakuna jaji wala rufaa. Kuna mawe na matairi.

Wadau mnasemaje, shahidi apimwe kwanza kabla ya kunyoosha kidole? Mwageni maoni.