Wakili aliyenunua mji mzima kwa dola 50

Hebu kuwa mkweli. Ile video umewahi kuletewa usiku wa manane: piramidi katikati ya msitu, muziki wa kutisha, halafu sauti nzito inakuambia kwamba binadamu wa kawaida hawangeweza kujenga kitu kama hicho. Ni watu wa Atlantis. Ama ni Wamisri waliopotea baharini. Ama viumbe wa sayari nyingine. Unaituma kwa grupu, unalala.

Mimi pia nilikuwa naituma. Niliacha siku niliyosoma habari za jamaa mmoja anayeitwa John Lloyd Stephens, aliyefika kwenye magofu hayo zaidi ya miaka 180 iliyopita, wakati stori hizi hizi zilikuwa zimejaa mjini, tena zikiaminiwa na wasomi.

Stephens alizaliwa New Jersey, Marekani, mwaka wa 1805. Alikuwa wakili jijini New York na mpenzi wa siasa. Koo lake likapata ugonjwa, madaktari wakamshauri asafiri, na mwaka wa 1834 akapanda meli kwenda Ulaya. Badala ya kupumzika akapitiliza. Alifika Urusi, akashuka Misri, akayaona mapiramidi, kisha akavuka jangwa hadi Petra akiwa amevaa kama mfanyabiashara wa Cairo. Aliporudi aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, kikatoka mwaka wa 1837 na kununuliwa vibaya sana. Kazi ya uwakili ikaishia hapo. Mimi niliyeacha chuo katikati naipenda sana sehemu hii, ingawa lazima nikiri yeye alikuwa amemaliza masomo na babake alikuwa mfanyabiashara mwenye hela.

Sasa shika hii ya Misri, maana ndiyo itakuja kuwa silaha yake.

Wakati huo watu wachache walikuwa wamesikia kuhusu magofu yaliyofunikwa na msitu kule Mexico na Amerika ya Kati. Swali lilikuwa moja: nani aliyajenga? Lord Kingsborough, tajiri kutoka Ireland, alimaliza mali yake yote akichapisha vitabu vikubwa vikubwa kuonyesha kwamba ni makabila ya Israeli yaliyopotea. Alifia gerezani mwaka wa 1837 kwa sababu ya madeni. Msanii mmoja, Waldeck, aliyachora maandishi ya Palenque na kutia vichwa vya ndovu ambavyo havikuwepo. Wengine walisema ni Wafoinike, wengine Atlantis. Kila mtu aliruhusiwa kuwa mjenzi isipokuwa mababu za watu waliokuwa wakiishi pale pale.

Usidhani huo ulikuwa mchezo wa wasomi tu. Mwaka wa 1838 wanajeshi wa Marekani waliwafurusha Wacherokee kutoka ardhi yao, na maelfu wakafa njiani. Ukishajiambia kwamba mababu za mtu hawakuwahi kujenga chochote, kumhamisha kunakuwa rahisi. Rais aliyekuwa mamlakani, Martin Van Buren, ndiye huyo huyo aliyempa Stephens barua ya ubalozi mwaka uliofuata.

Ubalozi wenyewe ulikuwa kichekesho. Mtu aliyeteuliwa kwanza alikuwa amefariki, Stephens akaomba nafasi. Alitumwa kwa serikali ya shirikisho la Amerika ya Kati, lakini shirikisho lilikuwa linasambaratika vitani, kwa hivyo balozi alizunguka kweli kweli akitafuta serikali ya kumkabidhi barua na hakuipata. Pengine hilo halikumsumbua sana. Oktoba 1839 alikuwa ameondoka New York na rafiki yake Frederick Catherwood, mchoraji Mwingereza ambaye pia alikuwa amefanya kazi Misri. Walipita Belize, wakapanda milima kwenye tope na nyumbu wao wa mizigo. Katika kijiji kimoja askari waliwakamata na kuwafungia. Stephens akaandika barua ya malalamiko, akaipiga muhuri kwa sarafu ya nusu dola yenye picha ya tai ili ionekane ya kiserikali. Wakaachiliwa. Hiyo ni akili ya mtaani kabisa.

Halafu wakafika Copán, Honduras.

Jaribu kuingia nao. Mbele kuna mto, ng'ambo kuna ukuta wa mawe, na ukishavuka huoni kitu ila miti. Vijana wenyeji wanakata njia kwa panga. Ghafla jiwe refu kukuliko limesimama mbele yako, limechongwa kila upande, mbele sura ya mtu, limejaa alama za maandishi. Unasonga hatua chache, jingine hilo. Mengine yameanguka, mizizi imeyakumbatia. Catherwood alisimama kwenye tope, amevaa glavu kwa sababu ya mbu, akajaribu kuchora na akashindwa. Mkono wake uliozoea Ugiriki na Misri haukuweza kufuata mistari ile. Ilibidi ajifunze upya kutazama. Na alipoweza, alichora vizuri kiasi kwamba wataalamu bado wanaitumia michoro yake.

Mwenye haki ya shamba lile, Don José María, alikuja na makaratasi yake, hana uhakika na wageni hawa. Stephens akafungua sanduku, akavaa koti la kibalozi lenye vifungo vikubwa vya tai, juu ya suruali iliyojaa tope na chini ya kofia iliyolowa. Akaupata mji mzima kwa dola 50. Muuzaji alimwona mjinga kwa kulipa hata hizo.

Kutoka hapo walienda Palenque, wakalala ndani ya jumba la kifalme huku mvua ikiwanyeshea, kisha Uxmal, ambako Catherwood alianguka kwa malaria wakarudi nyumbani. Mwaka wa 1841 walikwenda tena Yucatán na kupita kwenye magofu 44.

Stephens alipouliza wenyeji nani alijenga, walimjibu kwamba hawajui. Wengine wangechukua jibu hilo kama ushahidi. Yeye alikumbuka kwamba watu hawa walikuwa wametawaliwa miaka 300, na vitabu vyao vilichomwa na mapadri wa Uhispania. Kisha akafanya kitu ambacho watu wa stori hawakuweza kufanya: akalinganisha na Misri aliyoiona kwa macho yake. Piramidi ya Misri imekamilika yenyewe hadi kileleni. Hizi zilikuwa msingi wenye ngazi, wa kubeba jengo juu. Tena juu ya milango ya Uxmal bado kulikuwa na boriti za mbao. Mbao ngapi zinaweza kudumu maelfu ya miaka kwenye mvua ile? Akaandika wazi kwamba waliojenga ni watu wa nchi ile ile, mababu za hao waliokuwa wakimkatia njia. Hata huku kwetu, magofu ya pwani kama Gedi yalisimuliwa muda mrefu kama kazi ya wageni, kwa hivyo naelewa uzito wa sentensi hiyo.

Lakini usimfanye malaika. Aliinunua Copán akiwa na ndoto ya kuihamishia New York, kwenye jumba la makumbusho. Mawe yale makubwa yalimshinda. Boriti moja iliyochongwa ya Uxmal aliweza kuibeba, na Julai 1842 iliteketea pamoja na vitu vingine jumba la maonyesho la Catherwood liliposhika moto. Mbao iliyokuwa ushahidi wake ilikuwa imekaa salama mahali pake kwa karne nyingi.

Baadaye aliingia biashara ya reli ya kukatiza Panama. Msitu ule ukamwangusha. Alifariki New York Oktoba 1852, akiwa na miaka 46. Catherwood alizama na meli Arctic miaka miwili baadaye.

Kuna jiwe moja pale Copán ambalo wote wawili walilikagua, la mraba, limechongwa watu 16 waliokaa kulizunguka. Stephens alisema maandishi yake bila shaka ni historia ya wenye mji, ingawa hakuweza kusoma hata alama moja. Ilichukua zaidi ya miaka 100. Mwaka wa 1960 Tatiana Proskouriakoff alionyesha kwamba maandishi ya Wamaya yanahesabu kuzaliwa na kutawazwa kwa wafalme, na leo lile jiwe linasomeka. Ni wafalme 16 wa Copán kwa mfululizo. Wa kwanza, Yax K'uk' Mo', anamkabidhi wa mwisho fimbo ya utawala.