Sidi Mubarak Bombay na Somo la Wapelelezi

Mwalimu yeyote wa historia aliyepata kufundisha mada ya wapelelezi wa Kizungu anajua jinsi somo hilo linavyokwenda kwa wepesi. Majina huandikwa ubaoni: Burton, Speke, Grant, Stanley, Cameron, mbele ya kila jina huandikwa mwaka, na mbele ya mwaka kile alichokigundua. Wanafunzi hunakili, na kipindi hukwisha. Siku moja, nilipokuwa nikisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi huko Kerege, mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akauliza ni nani aliyemwonyesha Speke njia, maana mgeni haijui njia. Mwalimu mtarajiwa alimjibu kwamba jambo hilo halimo katika mtihani. Nami niliyekuwa nimeketi nyuma ya darasa na daftari langu la tathmini, sikuwa na jibu bora kuliko hilo. Makala haya ni jibu langu, ingawa limechelewa.

Mtu aliyeulizwa habari zake siku ile alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, karibu na mahali ambapo leo Tanzania inapakana na Msumbiji. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, wafanyabiashara ya watumwa walikivamia kijiji chao. Alipelekwa Kilwa, akauzwa kwa thamani ya nguo, akavushwa hadi Zanzibar na kutoka huko hadi India. Jina alilopewa na wazazi wake halikusalia. Huko India Waafrika waliitwa Sidi, naye akaongezewa jina la mji wa Bombay. Kwa hiyo jina tunalomjua kwalo ni alama ya utumwa wake.

Alimtumikia bwana wake miaka mingi, na bwana huyo alipofariki, Mubarak akawa huru. Alirejea Zanzibar, akajiandikisha kuwa askari wa Sultani, akapangiwa kulinda ngome ya Chogwe karibu na Pangani. Huko ndiko Richard Burton na John Speke walikomkuta mwanzoni mwa mwaka 1857. Speke hakujua Kiswahili, bali alikijua Kihindi kwa sababu ya utumishi wake katika jeshi la Waingereza huko India. Mubarak pia alikijua Kihindi, kwa sababu ya utumwa wake. Lugha hiyo ndiyo iliyowaunganisha.

Juni 1857 msafara uliondoka Kaole, mji wa kale ulio kusini ya Bagamoyo, mahali ambapo wanafunzi wa Kerege wanaweza kupelekwa na kurudishwa siku hiyo hiyo. Haikuwa njia mpya. Wanyamwezi walikuwa wameipita miaka mingi wakileta pembe za ndovu pwani, na Waarabu na Waswahili walikuwa na makazi yao Kazeh, yaani Tabora, na Ujiji. Msafara ulifika Ujiji Februari 1858. Baadaye, Burton alipobaki Kazeh akiwa mgonjwa, Speke alielekea kaskazini pamoja na Mubarak, na tarehe 3 Agosti 1858 waliliona ziwa kubwa pale Mwanza. Wenyeji walikuwa na majina yao ya ziwa hilo. Wapo walioliita Nyanza, na Waganda waliliita Nalubaale. Speke aliliita Victoria, kwa heshima ya malkia wake. Aliyekuwa kando yake ni mtu ambaye naye alikuwa amenyang'anywa jina.

Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na James Grant, na safari hii Mubarak alikuwa miongoni mwa wakuu wa msafara. Kazi yake haikuwa kubeba bunduki tu. Yeye ndiye aliyehimiza wapagazi, aliyezungumza na watemi habari za hongo, na aliyetafuta chakula. Mwaka 1862, mbele ya Kabaka Mutesa wa Buganda, Speke alisema kwa Kihindi, Mubarak akageuza kwa Kiswahili, na mkalimani mwingine akageuza kwa Kiganda. Hakuna neno la mpelelezi lililoingia katika jumba lile pasipo kupita katika kinywa cha Mwafrika. Pamoja na hayo, katika safari hiyo hiyo Speke alimpiga ngumi za uso mbele ya watu. Msafara uliteremka kufuata Nile hadi Kairo mwaka 1863.

Mwaka 1871 Stanley alipoanza safari yake kutoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, alimweka Mubarak kuwa mkuu wa askari wake. Naye pia alimchapa. Mwaka 1873 Mubarak aliondoka tena Bagamoyo, akiwa na Verney Cameron. Huko Tabora walikutana na kina Abdallah Susi na James Chuma, waliokuwa wakiichukua maiti ya Livingstone kuipeleka pwani. Maiti hiyo ilifika Bagamoyo Februari 1874. Msafara wa Cameron uliendelea magharibi, na Novemba 1875 ukatokea katika pwani ya Atlantiki, karibu na Benguela. Mtoto aliyeuzwa Kilwa alikuwa amelivuka bara zima kwa miguu.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilikuwa kimewatunuku Burton na Speke nishani za dhahabu. Mubarak alipewa nishani ya fedha, na mwaka 1876 akapewa pensheni. Hakuacha kitabu. Tunayoyajua juu yake tumeyapata kwa mabwana aliowatumikia, ambao katika ukurasa mmoja humsifu kwa uaminifu na katika mwingine humwita mpumbavu. Mwalimu hana budi kuwazoeza wanafunzi kuuliza: aliyeandika ni nani, na aliyeandikwa angesema nini?

Mubarak alifariki Oktoba 1885. Mwaka huo una uzito wake. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alikuwa amepita bara kutoka Saadani, akiwatia watemi saini katika mikataba wasiyoielewa. Februari 1885 Mkutano wa Berlin ulimalizika, na serikali ya Ujerumani ikazitangaza nchi hizo kuwa chini ya himaya yake. Agosti, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Zanzibar kumlazimisha Sultani Barghash akubali. Ramani zilizochorwa kwa msaada wa macho na ulimi wa Mubarak zilikuwa sasa mikononi mwa watawala. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka wakiongozwa na Abushiri na Bwana Heri, na Bagamoyo ikapigwa kwa mizinga. Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani, mji ule ule ambao Mubarak aliwahi kuwa askari karibu yake.

Je, tuwaambie wanafunzi kwamba Mubarak aliisaliti nchi? Naona tusiwaambie hivyo, wala tusimfanye shujaa asiye na doa. Alikuwa mtu aliyetekwa akiwa mtoto, akatumia alichokuwa nacho, yaani lugha, subira na miguu, kupata riziki na heshima. Hakuweza kujua Berlin wangeamua nini. Waliojua walikuwa wale walioigeuza elimu ya njia zetu kuwa hati ya kumiliki nchi. Lakini tukimfuta katika somo, twawafundisha watoto kwamba wazee wao walikuwa watazamaji tu katika historia yao wenyewe.

Kwa hiyo napendekeza somo hili lianze na maisha yake. Wanafunzi wachore ramani ya safari zake nne kwa rangi nne, zote zikianzia pwani yetu. Waandike majina ya maziwa na milima kama wenyeji walivyoyaita, ndipo waandike yale ya wageni. Neno kugundua lijadiliwe kabla ya kutumiwa. Mwishowe darasa ligawanywe makundi mawili yahojiane juu ya lawama na heshima anazostahili Mubarak, na mwalimu asikimbilie kutoa hukumu.

Na pakitokea mtoto wa kuuliza nani alionyesha njia, mwalimu asimkatize kwa habari za mtihani, bali amwandikie ubaoni jina la Sidi Mubarak Bombay, na mbele yake mwaka, kama tulivyozoea kuwaandikia wengine.