Aliyefukuzwa Shule Akaona Ndani ya Mkono

Kama umewahi kupigwa picha ya eksirei, basi una deni kwa mzee huyu. Langu nililipata nikiwa kidato cha kwanza. Nilianguka uwanjani nikiwania mpira, mkono wa kushoto ukafura kama andazi. Hospitalini niliambiwa niuweke mezani nisitikisike. Mhudumu akaenda zake nyuma ya ukuta, mtambo ukalia kidogo, na punde si punde nikaonyeshwa mifupa yangu mwenyewe! Nilimsumbua mwalimu wa Fizikia kwa maswali hadi akaniazima kitabu. Humo ndimo nilimokutana na Wilhelm Conrad Röntgen.

Alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 mjini Lennep, Ujerumani, mwana wa pekee wa mfanyabiashara wa vitambaa. Alipokuwa na miaka mitatu, wazazi wake walihamia Uholanzi. Huko, katika shule ya ufundi ya Utrecht, ndiko balaa lilikomkuta. Mwanafunzi fulani alichora kikatuni cha kumdhihaki mwalimu. Röntgen hakukichora, lakini alikataa katakata kumtaja aliyekichora. Basi akafukuzwa yeye! Nilipowasimulia wenzangu chamani, baadhi walisema alikuwa mjinga. Mimi sikubaliani nao, ingawa naogopa kuapa kwamba ningeweza kunyamaza vile. Sisi tukiitwa ofisini dakika tano tu, tunataja hata wasiokuwapo.

Aliondoka bila cheti, na bila cheti vyuo vikuu vilimfungia milango. Bahati nzuri, chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, kilipokea waliopita mtihani wake wa kuingilia. Akaupita mwaka 1865, na mwaka 1869 akawa daktari wa falsafa. Hata hivyo, jambo la cheti lilimwandama. Chuo Kikuu cha Würzburg kilimnyima ruhusa ya kufundisha kwa sababu hiyo. Mwaka 1888 chuo kicho hicho kikamwita awe profesa wa Fizikia. Sijui waliomkataa walijificha wapi siku hiyo!

Ijumaa jioni, tarehe 8 Novemba 1895, alikuwa peke yake maabarani akipitisha umeme katika neli ya kioo iliyotolewa hewa. Neli aliifunika gubigubi kwa karatasi nzito nyeusi, na chumba kilikuwa giza totoro. Kumbe pembeni kiwambo kilichopakwa kemikali kinang'aa! Mwanga wa kawaida haungeweza kupenya karatasi ile. Kwa wiki kadhaa alijifungia humo, akila na kulala papo hapo. Aliweka kitabu kizima mbele ya miale hiyo, ikapita. Aliweka mbao, ikapita. Madini ya risasi ndiyo yaliyoizuia. Tarehe 22 Desemba akamwita mkewe, Anna Bertha, aweke mkono juu ya bamba la picha. Ikatokea mifupa mitupu, na pete ikielea kwenye kidole. Akaiita miale ya X, yaani kisichojulikana, kama ile X inayotutesa katika aljebra.

Mwaka 1912 majaribio ya Max von Laue na wenzake, waliotumia fuwele, yalionyesha kwamba miale hiyo ni mawimbi ya sumakuumeme, ndugu wa mwanga na wa mawimbi ya redio na simu. Tofauti yao ni urefu. Wimbi la redio laweza kuwa la mamia ya mita, lakini la eksirei halifiki hata sehemu moja ya milioni mia ya mita. Kwa ufupi huo lina nguvu nyingi. Hupenya nyama, ila kalisi ya mfupa huyanyonya mengi, ndiyo maana mfupa hutokea mweupe pichani.

Nguvu hiyo huunguza pia. Clarence Dally, msaidizi wa Edison, alikatwa mikono, kisha akafa mwaka 1904 kwa kucheza nayo bila kinga. Ndipo nikaelewa kwa nini mhudumu wangu alikwenda nyuma ya ukuta.

Röntgen angeweza kutajirika, lakini alikataa kuchukua hataza, ili kila daktari autumie ugunduzi wake bure. Mwaka 1901 alipata Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya Fizikia, na fedha zake akakipa chuo cha Würzburg. Jameni, chuo kile kile! Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mfumuko wa bei ulimaliza akiba yake. Alifariki Munich tarehe 10 Februari 1923.

Mkono wangu ulipona. Picha yake ninayo bado, na anayetaka kuiona anitafute baada ya mkutano wa chama.