Otto Kahn: Alilipia Opera, Akanyimwa Chumba

Wewe unayesoma uhasibu kwa sababu mzee kasema, huku moyo uko kwenye gitaa, huyu jamaa ni wako.

Otto Kahn alizaliwa Mannheim, Ujerumani, mwaka 1867, katika familia ya Kiyahudi ya mabenki. Alitaka muziki, na ala kadhaa alishajifunza kupiga. Baba akakataa. Akiwa na miaka 17 akapelekwa kuwa karani wa benki. Baadaye London, kisha New York, ambako mwaka 1896 alimwoa binti wa mbia wa benki ya Kuhn, Loeb, naye akaingia humo. Pesa yake kubwa ilitoka kwenye kufufua makampuni ya reli. Hapo sina mengi ya kusema, tajiri ni tajiri.

Mambo yanaanza mwaka 1903, alipoingia bodi ya Metropolitan Opera. Opera, kwa asiyeijua, ni mchezo wa jukwaani ambao maneno yake huimbwa, okestra ikipiga. Mwaka 1908 Kahn akasaidia kuwaleta kutoka La Scala ya Milano meneja Gatti-Casazza na Toscanini, kondakta (wa okestra, si wa daladala!). Hasara ilipotokea, alitoa mfukoni mwake. Sasa sikia: jengo lenyewe lilikuwa mali ya familia tajiri, kila moja na chumba chake cha kutazamia, na Myahudi hakukaribishwa kumiliki hata kimoja. Yaani mtu analipia waimbaji wote, lakini chumba hapewi. Alikuja kukipata mwaka 1917, na mara nyingi akawaazima wageni.

Ningekuwa mimi, ningeondoka na pesa zangu. Yeye alibaki, na kilichomkera zaidi kilikuwa viti vya juu kabisa, vya bei rahisi, ambako watu wengine walisikia opera bila kuliona jukwaa vizuri. Miaka ya 1920 akanunua kiwanja Mtaa wa 57 ili ajenge ukumbi mpya, wenye viti vingi zaidi vya watu wa kipato kidogo na vyumba vichache vya wakubwa. Wakubwa wenyewe ndio waliotakiwa kukubali. Wakagoma, akakiuza kiwanja.

Tusimpambe sana, lakini. Mwaka 1933 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti, ikabainika kwamba kwa miaka mitatu, 1930 hadi 1932, hakulipa kodi ya mapato hata senti. Sheria iliruhusu, maana hasara za hisa zilifuta mapato. Ila ule ulikuwa wakati watu wanapanga foleni ya mkate, na mimi hilo linanikaa vibaya kuliko jumba lake la vyumba 127 kule Long Island.

Alifariki Machi 1934, ghafla, akiwa kwenye chakula cha mchana pale pale benki. Metropolitan ilihama jengo la zamani mwaka 1966.