Maisha ya Dokta Robert Koch

Nyama haifai kufika buchani, hapa Mlandege wala kwingineko, kabla mkaguzi hajaitazama na kuigonga muhuri. Atafutacho ni dalili za ugonjwa, na elimu yake imetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Mjerumani mmoja, Robert Koch.

Alizaliwa Clausthal mwaka 1843. Alipokwisha kusomea udaktari alipewa kazi Wollstein, mji mdogo ulio mbali na vyuo vikuu. Huko kimeta kiliua kondoo na ng'ombe, na kiliwapata watu pia. Koch hakuwa na maabara wala msaidizi. Alikuwa na hadubini. Alichovya kibanzi cha mti katika damu ya mnyama aliyekufa, akamchoma nacho panya. Panya akafa, na ndani yake mlijaa vijidudu vile vile, mfano wa vijiti. Akamchoma wa pili kwa damu ya wa kwanza, na wa tatu kwa damu ya wa pili, na kila mara akakuta vile vile. Kisha akaviotesha katika maji ya jicho la ng'ombe (kifaa rahisi kama nini!), akaviona vikifanya mbegu ngumu. Mbegu hizo hukaa ardhini miaka mingi, ndiyo sababu mzoga wa kimeta haupasuliwi, seuze kuliwa. Matokeo hayo aliyatoa mwaka 1876.

Mwaka 1882 alitangaza kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1905 akapata Tuzo ya Nobel. Alifika Afrika Mashariki zaidi ya mara moja. Katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, alitibu malale kwa dawa ya atoksili. Alipozidisha kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka. Haifai kulificha jambo hili.

Kosa lake jingine ladhuru mezani. Mwaka 1901, huko London, alisema kuwa kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa watu. Waingereza wakaunda tume, nayo ikavifuatia vijidudu kutoka mnyama hadi mnyama, kama Koch alivyofundisha. Ikavikuta vya ng'ombe ndani ya miili ya watu, hasa watoto, ambao huvipata katika maziwa mabichi.

Taarifa ya mwisho ilitoka mwaka 1911. Koch alikuwa amefariki Baden-Baden tarehe 27 Mei, 1910. Hata leo mkaguzi hupasua tezi na mapafu ya ng'ombe akiutafuta ugonjwa huo.